Baba aliingia kwa upasuaji wa matundu, akatoka na mshono mrefu. Walikosea?

binti_pangani:

Wakubwa zangu shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika nikiwa Tanga. Baba yangu amelazwa Chennai, India, na aliye naye kule ni mdogo wangu wa kiume peke yake. Leo usiku wa tatu sijalala vizuri, naombeni mwenye uelewa anisaidie.

Baba ana miaka 63, ni fundi seremala Pangani. Mwezi wa sita macho yalianza kuwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na mwili ulimuwasha mpaka akawa anajikuna kwa rula yake ya kazini. Kwanza tuliambiwa homa ya ini. Alipofika Dar wakampiga CT skani, ikaonekana uvimbe kwenye kichwa cha kongosho umebana mrija wa nyongo. Wakamwekea stenti, yaani kijibomba, kwa kupitia mdomoni ili nyongo ipite. Manjano yakapungua, ndugu wakachanga, akasafiri.

Kule daktari bingwa alisema uvimbe unatoka. Operesheni inaitwa Whipple, na ataifanya kwa matundu madogo: kamera inaingia, kovu linakuwa dogo, mgonjwa anatembea mapema. Ukoo mzima tukalishika hilo la matundu. Mimi ndiye niliyempigia baba usiku wa kuamkia operesheni, maana alikuwa anaogopa, nikamwambia: "Baba, hawakupasui, wanakutoboa tu." Akacheka, akasema basi atalala.

Aliingia saa 2 asubuhi ya kule, huku kwetu saa 11 na nusu alfajiri. Saa 3 na dakika 20 ya kwetu simu ikaita. Mdogo wangu anasema alitoka mtu na karatasi, akamwambia jambo kwa Kiingereza, na lile neno, "convert", yeye alilijua kwa maana ya kubadili dini tu. Akaitikia, akasaini. Baadaye ndipo akaelewa kwamba wameacha matundu, wanampasua baba tumbo.

Walimaliza saa 8 na nusu mchana kwa saa zetu. Picha niliyotumiwa ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, inaonyesha mshono kutoka chini ya kifua mpaka umepita kitovu, mipira miwili ubavuni na mwingine puani. Na vile vitundu vipo pia, vimezibwa plasta. Yaani kapata vyote viwili.

Shangazi anasema wamemfanyia majaribio. Baba mdogo anasema daktari alishindwa kazi katikati. Na bili imeongezeka dola 2,100 juu ya ile tuliyokubaliana. Wenzangu, hii huwa inatokea kweli, au tumetendewa vibaya? Na je, hali ya baba sasa ni mbaya zaidi kuliko kama wangempasua tangu mwanzo?

sista_wa_likoni:

Marahaba mwanangu, pole sana. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, huu mwaka wa 22. Miaka 13 ya mwanzo nilikuwa Mombasa, hii mingine niko Uingereza. Kazi yangu ni kusimama kando ya daktari nikimpa vyombo mkononi, na kongosho nimezisimamia nyingi. Ngoja nikueleze kama ningemweleza mdogo wangu.

Kabla daktari hajatoboa tundu la kwanza, mimi huwa nimeshapanga meza mbili. Moja ni ya matundu: kamera, mikono mirefu ya kushikia, ya kukatia, ya kuchomea. Ya pili ni ya tumbo wazi: visu, vyuma vikubwa vya kupanulia, koleo za kubana mishipa ya damu, nyuzi nyembamba za kushona mishipa, na shashi kubwa ambazo tumezihesabu kwa sauti tukaandika idadi ubaoni. Naifunika kwa kitambaa safi na naisogeza karibu. Mara nyingi hatuigusi. Lakini haijawahi kutokea nikaingia kwenye operesheni ya kongosho bila hiyo meza, na damu ya mgonjwa huwa imeshaandaliwa kwenye friji. Kubadili njia ni sehemu ya mpango tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba familia huwa haioni meza ya pili.

Sasa kwa nini kongosho hasa. Lenyewe limelala nyuma ya tumbo la chakula, limeegemea uti wa mgongo, na kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo. Nyuma ya shingo yake unapita mshipa unaokusanya damu yote ya matumbo kuipeleka kwenye ini. Unene wake ni kama kidole, lakini ukuta wake ni mwembamba, unachanika kama karatasi iliyolowa. Whipple ni kukibandua kichwa cha kongosho kutoka kwenye mshipa huo, kukitoa pamoja na kipande cha utumbo, mfuko wa nyongo na mwisho wa mrija wake, halafu kuunganisha upya sehemu tatu: kongosho na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, tumbo na utumbo. Mrija wa kongosho wenyewe mara nyingine upana wake ni milimita 3 tu.

Kwenye matundu daktari anaona vizuri sana, pengine kuliko kwa macho matupu, lakini hana vidole. Uvimbe ukiwa umegandamana na mshipa, au nyama za pale zikiwa zimevimba na kushikana, ile njia ya kubandulia haionekani tena. Umesema baba aliwekewa stenti. Hiyo stenti ilimsaidia, ilimwondolea manjano, lakini mara nyingi huacha uvimbe na ugumu kuzunguka mrija wa nyongo. Sisemi ndiyo sababu yenu, nasema ni moja ya mambo tunayoyakuta.

Nikupe picha mbili nilizoziona mwenyewe.

Ya kwanza, daktari alifanya kazi karibu saa mbili, kisha akanyamaza. Akatazama saa ya ukutani akasema, "Dakika arobaini sijasogea hata sentimita moja. Tunafungua." Hakuna damu iliyokuwa inamwagika, hakuna aliyepaza sauti. Daktari wa usingizi aliambiwa, nikavuta meza ya pili, ile hewa inayojazwa tumboni ili kamera ione ikatolewa, kisu kikapita. Akaweka mkono nyuma ya kongosho, na uso wake ukabadilika pale pale, maana alichokuwa akikitafuta kwa macho sasa alikigusa. Mgonjwa yule alikwenda nyumbani siku ya kumi na mbili.

Ya pili sipendi kuikumbuka lakini nitakuambia. Daktari mwingine, mahali pengine, alifika pagumu vilevile, akaendelea. Akajaribu upande huu, akajaribu ule. Mshipa ukachanika. Kioo chote cha kamera kikawa chekundu, huoni chochote. Alibana kwa shashi kupitia tundu huku mwenzake anakata tumbo. Tulifungua kwa muda mfupi mno, nadhani haukufika dakika tatu, lakini damu iliyotoka hapo ilikuwa nyingi na mgonjwa alikaa hospitalini wiki tano. Mwenyezi Mungu alimnusuru.

Kwa hiyo mwanangu, usiulize tu "kwa nini walifungua". Uliza walifungua lini: kabla ya damu au baada ya damu? Kubadili kwa hiari, daktari akiwa bado ana utulivu, ni kitu kimoja. Kubadili kwa kukimbizwa na damu ni kitu kingine kabisa, na wagonjwa wa namna hiyo ya pili ndio wanaopata shida zaidi baadaye. Mwambie mdogo wako aombe nakala ya maelezo ya operesheni. Humo wataandika sababu, damu iliyopotea kwa mililita, na kama mshipa uliguswa.

Shangazi yako kasema majaribio. Namuelewa, ana uchungu. Lakini Whipple kwa tumbo wazi ndiyo njia iliyozoeleka tangu daktari Allen Whipple alipoitangaza New York mwaka 1935. Hii ya matundu ndiyo changa. Madaktari Gagner na Pomp, walioifanya mwanzo kule Kanada na kuiandika mwaka 1994, baadaye walitoa habari za wagonjwa wao 10 wa mwanzo, na 4 kati yao iliwabidi wawafungue. Waanzilishi wenyewe.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Uholanzi walifanya utafiti wa kulinganisha njia mbili hizi kwa Whipple, unaitwa LEOPARD-2. Waliusimamisha kabla ya wakati kwa sababu ya usalama. Upande wa matundu walikufa 5 kati ya 50 ndani ya siku 90, upande wa tumbo wazi alikufa 1 kati ya 49. Idadi ni ndogo na wataalamu wamebishana sana kuhusu maana yake, na China baadaye, kwenye hospitali zenye madaktari waliozoea sana, matokeo ya pande mbili yalikaribiana. Lakini nilipousoma ule wa Uholanzi nilikaa chini. Tangu siku hiyo, daktari akisema "tunafungua", mimi ndani yangu nasema alhamdulillahi.

Swali lako la mwisho, kama hali ni mbaya zaidi: maumivu ya mshono ndiyo, yatakuwa makubwa kuliko ya matundu, na siku za hospitalini huenda zikaongezeka. Lakini kinachoamua usalama wa baba siku hizi kumi ni pale ndani, kongosho liliposhonwa na utumbo, na pale ni palepale njia yoyote ikitumika. Hapo ndipo muelekeze macho, msiangalie urefu wa kovu. Siku ya tatu huwa wanapima amilesi, kimeng'enya cha kongosho cha kusaga chakula, kwenye majimaji ya ule mpira wa ubavuni. Ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, kuna kuvuja. Kuvuja kwingine ni kudogo, kunaisha kwenyewe mpira ukiachwa. Mwambie mdogo wako aulize namba hiyo.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa: DAMU KWENYE MPIRA, hata kama ni kidogo, hata kama imekoma yenyewe, hasa kuanzia wiki ya kwanza na kuendelea, mwiteni nesi DAKIKA HIYO HIYO. Damu ndogo huwa inatangulia kubwa. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi, vivyo hivyo.

kaka_moshi:

Dada pole. Nami nimepita huko, ila ya mke wangu ilikuwa mkiani, siyo kichwani. Alikuwa na kifuko chenye majimaji kwenye mkia wa kongosho, tukaenda Nairobi, tukaambiwa matundu. Wakafungua. Sababu ilikuwa mshipa wa wengu, kongosho lilikuwa limeshikana nao kwa sababu aliwahi kuugua ugonjwa wa kongosho kuvimba na kuuma miaka ya nyuma, hata sisi tulikuwa tumeshasahau kuwaambia. Wakatoa na wengu.

Nilikasirika wiki mbili nzima. Sikumsalimia daktari vizuri. Mke wangu ndiye aliyeniambia, "Wewe unagombania kovu langu, mimi silioni hata." Yeye alikuwa anataka tu nimletee mto.

Cha kukusaidia: mwambie mdogo wako ampe baba mto mdogo, akitaka kukohoa aukumbatie juu ya mshono. Kukohoa ni lazima ili mapafu yasijae makohozi, na bila mto inauma sana. Wamtembeze hata hatua tano. Kingine, baba asipotaka kula msimlazimishe na msiogope sana, tumbo baada ya hiyo Whipple huwa linachelewa kuamka, jirani yetu wodini alikaa na mpira wa puani siku tisa. Na akianza kula, choo kikiwa cha mafuta, kinaelea na kunuka, ulizeni vidonge vya vimeng'enya vya kongosho. Vinamezwa pamoja na chakula, siyo saa moja baada ya kula kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Tulipoteza mwezi mzima hivyo.

mzee_wa_bandari:

Naheshimu maelezo ya sista lakini nami niseme langu. Nimesindikiza ndugu wawili India. Kule "matundu" ni neno la kuuzia. Unaonyeshwa video kwenye kompyuta ya mapokezi kabla hata hujaonana na bingwa. Mgonjwa wa kwetu anauza shamba akiwa na hiyo video kichwani. Halafu ikibadilika, bili nayo inabadilika, na aliyesaini ni kijana aliyechanganyikiwa kwenye korido. Hilo lisemwe.

sista_wa_likoni:

Mzee wangu, shikamoo. Hapo nakubaliana nawe na wala sitamtetea mtu. Kubadili njia siyo kosa. Kuahidi matundu kana kwamba ni hakika, hilo ni kosa, na linafanyika hata huku niliko. Familia inatakiwa iambiwe kabla, kwa lugha inayoielewa, mkalimani akiwepo: tutaanza hivi, tukikuta hivi na hivi tutafungua, na bili itakuwa hivi. Fomu ya ridhaa huwa na sentensi hiyo, lakini sentensi iliyoandikwa kwa maandishi madogo kwa lugha ya kigeni haijamwambia mtu kitu.

Na anayetafuta hospitali sasa hivi, muulize daktari macho kwa macho: kwa mwaka unafanya Whipple ngapi za matundu, na ngapi huwa unazifungua? Miongozo iliyotoka kwenye mkutano wa Miami mwaka 2019 inazungumzia angalau 20 kwa mwaka kwa kituo. Akikujibu kwamba hajawahi kufungua hata mmoja, mimi ningechukua faili langu nikaondoka.

Binti, kuhusu dola 2,100: ombeni mchanganuo kwa maandishi. Damu ni kiasi gani, saa za ziada za chumba ni kiasi gani, ICU siku ngapi. Msigombane, ombeni tu karatasi.

binti_pangani:

Ahsanteni sana wote. Sista, nilikusoma nikiwa jikoni nikakaa chini sakafuni. Mdogo wangu leo alikwenda na maswali yako ameyaandika kwenye daftari, na safari hii wakampa mkalimani, mama mmoja wa Kisomali anayejua Kiswahili cha Mombasa.

Daktari alikaa naye nusu saa. Anasema walifungua KABLA ya damu. Nyama zilikuwa zimeshikana kuzunguka mrija wa nyongo, ndivyo kama ulivyosema kuhusu stenti, na uvimbe ulikuwa umeuegemea ule mshipa. Alihangaika kama saa moja na nusu, akaona akilazimisha atauchana. Alipofungua, akakata kipande kidogo cha ukuta wa mshipa pamoja na uvimbe, akaushona. Alimchorea mdogo wangu kwenye lile daftari. Damu iliyopotea yote ni mililita 600, chupa mbili ndizo alizoongezewa. Amilesi ya siku ya tatu ilikuwa juu, lakini wanasema majimaji ni machache, baba hana homa, na CT haionyeshi dimbwi lolote ndani. Wanaacha mpira mmoja.

Mchanganuo wa bili wameahidi kesho. Mdogo wangu aliwaambia pia kuhusu ile karatasi aliyosaini bila kuelewa. Daktari alinyamaza, halafu akaomba radhi, akasema angetakiwa atoke mwenyewe.

sista_wa_likoni:

Mililita 600 pamoja na kushona mshipa, huyo daktari alitulia. Alifungua kwa wakati wake. Amilesi kuwa juu bila homa na bila dimbwi ni ile ya kusubiri, mpira utaonyesha. Waendelee kuandika mililita zinazotoka kila siku, na rangi. Ikiwa kama maji ya chai hafifu, sawa. Ikiwa nyekundu, unajua.

Majibu ya maabara ya kile kipande yakitoka, ulizeni mambo mawili: kingo za kipande zilikuwa safi bila ugonjwa, na tezi za limfu zilizokutwa na ugonjwa ni ngapi kati ya ngapi. Ikiwa ni saratani na daktari akasema dawa za mishipani za saratani (kemo), kwa kawaida zinaanzwa ndani ya wiki 12 baada ya operesheni, baba akiwa ameshapata nguvu. Kwa hiyo anzeni sasa kuulizia Dar nani atampokea. Na msikimbilie ndege mpaka mpira umetoka na daktari ameandika barua.

binti_pangani:

Taarifa ya siku ya tisa, maana wengi mmeniandikia pembeni mkiuliza.

Nilizungumza na baba kwa video. Nilimwomba msamaha kwa lile nililomwambia usiku ule, kwamba wanakutoboa tu. Nililia, sikukusudia. Akaniambia nisimame nimwangalie, akafunua shuka, akanionyesha. Wamemfunga kwa pini za chuma, siyo uzi. Ameshazihesabu, 34. Anataka kujua ile mashine ya kuzibana inafananaje, amemuuliza nesi kwa ishara na nesi ameahidi kumletea aione.

Jana alikunywa uji wa wali vijiko sita, haukurudi. Mpira wa ubavuni umeshuka kutoka mililita 180 hadi 60, rangi ya chai hafifu. Homa hakuna. Anatembea mpaka dirishani na mto wake kifuani, kaka_moshi ahsante. Shangazi nimemsomea uzi huu wote kwa sauti, akaniambia nirudie ile sehemu ya meza mbili.

Bili wamepunguza dola 800, iliyobaki ni damu na ICU, tumeona karatasi. Majibu ya maabara bado.